Mbuzi wa Neno Boyi

Mwanafunzi wangu mmoja, dereva wa lori anayesoma Kiingereza ili aelewane na watu wa forodha upande wa Zambia, aliandika insha juu ya baba yake. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: My father is a boy. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata neno la mwisho, kisha nikamwomba asome insha yake mbele ya wenzake, maana nilijua watacheka na mimi nitapata nafasi ya kueleza.

Walicheka kweli. Wale waliokuwa mbele kidogo katika masomo walijua kwamba neno hilo kwa Kiingereza ni mtoto wa kiume, na baba wa mtu mwenye ndevu hawezi kuwa mtoto wa kiume. Yule dereva hakuona kichekesho. Alibaki amesimama na karatasi yake, akasema kwa utulivu, “Lakini iko boyi. Anatumika kazi kwa Muhindi moja pale mu ville, katikati ya muji.”

Kwa Lubumbashi hakukosea. Kwetu boyi ni mtumishi wa nyumbani, hata akiwa na mvi na wajukuu. Anapika, anafua, anapiga pasi. Nyumba ndogo iliyojengwa nyuma ya nyumba kubwa kwa ajili yake inaitwa boyerie mpaka leo, ingawa siku hizi wanalala humo wapangaji, wanafunzi na mashangazi waliofiwa. Kila anayeanza Kiingereza hapa hufanya kosa hilohilo. Ukimpa sentensi kwamba boy yuko nyumbani, atakuandikia kwamba mtumishi yuko nyumbani, na atashangaa kwa nini umemtia nyekundu.

Basi nikapanda jukwaani, kama nilivyokuwa nimezoea. Napenda asili ya maneno kama wengine wanavyopenda mpira. Nikawaambia kwamba Waingereza wenyewe zamani walilitumia neno hilo kwa mtumishi, kwa mtu wa chini asiye na jina, na maana ya mtoto wa kiume ilikuja kushika nafasi baadaye. Wakati wa ukoloni walilisambaza popote walipokuwa na majiko ya kuhudumiwa, wakimwita hivyo mtu mzima mwenye mke na watoto, na wenye kusema Kifaransa wakalipokea likiwa tayari limevaa aproni. Nikaongeza kwamba wako wataalamu wanaolirudisha nyuma zaidi, hadi kwenye neno la kale la Kifaransa la mtu aliyefungwa pingu, na nyuma yake neno la Kilatini la mnyororo wa mguuni. Wengine wanapinga, na ukweli ni kwamba hakuna mwenye uhakika. Darasa lilinyamaza vizuri. Mnyororo wa mguuni siku zote huwanyamazisha.

Dereva akauliza, “Sasa nimeandika mubaya ao muzuri?”

“Umeandika vibaya kwa Kiingereza cha leo,” nikasema. “Andika domestic worker, mfanyakazi wa nyumbani.”

“Na mwalimu, we unajua boyi moja? Wa kumujua kweli?”

Nikamjibu kwamba nimewaona wengi. Nikakusanya vitabu vyangu na kwenda nyumbani, ambako baba yangu, aliyekuwa boyi maisha yake yote ya kazi, alikuwa ameketi mlangoni mwa boyerie akichambua maharage.

Niseme mara moja jinsi alivyofika huko, kwa sababu majirani wana maelezo yao. Mama alipofariki nilimchukua baba aje kukaa kwangu, nikamwandalia chumba ndani, chenye kitanda kipya na dirisha linalotazama barabara. Alilala humo siku chache, akiamka kila mlango ulipolia. Asubuhi moja nikakuta amehamisha godoro lake nyuma, kwenye nyumba ndogo tuliyokuwa tukiwekea baiskeli na magunia ya makaa. “Hapa ninasikia nyumba,” alisema, kama mtumishi anayengoja kuitwa, na nilichukia jibu hilo. Nilimbembeleza, nikafoka, mke wangu akaleta mchungaji. Baba aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akarudi nyuma. Kwa hiyo ukipita kwenye avenue yetu utaambiwa kwamba mwalimu wa Kiingereza amemweka baba yake kwenye boyerie. Nawaacha waseme, kwa kuwa ndiko aliko.

Aibu hii sikuianza ukubwani. Nilipokuwa darasa la kwanza baba alinisindikiza shuleni kila asubuhi kabla ya kwenda kwa wazungu wake. Alitembea na nguo yake nyeupe ya kazi, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Siku ya kwanza, tulipofika kwenye nguzo ya umeme, pale barabara inapokata kuelekea shule, alisimama na kuniachia mkono. “Enda sasa peke yako,” alisema, macho yake yana hofu. “Batoto batakucheka.” Mimi sikuwa nimefikiria kwamba kuna cha kuchekwa. Nikaenda, na kuanzia siku hiyo nikajua, na sikugeuka nyuma kumtazama.

Sasa nije kwa binti yangu mkubwa. Alipata mchumba, kijana mpole wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Kivu ya Kaskazini, watu wa kanisa, wenye depo ya jumla katika mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, na malori yanayokwenda mpakani. Baba wa kijana alikuja mara ya kwanza kunisalimu tu, bila mambo makubwa. Tulikunywa chai, tukaongea juu ya barabara na bei ya unga, naye akauliza kama watu wanavyouliza: mzee wa nyumba hii alitumika wapi?

Nikasema, “Alikuwa kwenye société, kampuni kubwa. Ofisini.”

Hakuna aliyenishurutisha. Yule mzee hakuwa na majivuno, mikono yake mwenyewe ilikuwa migumu kwa kubeba makatoni. Neno lilitoka lenyewe, laini kabisa, kama la mtu aliyelifanyia mazoezi. Kupitia dirishani nilimwona baba nyuma ya nyumba akianika mashati yangu, akiyapigapiga ili yasiwe na mikunjo.

Siku ya kujitambulisha rasmi ilipopangwa, nilimwomba baba arudi kulala ndani wiki hiyo. Hakubishana. Nilimvika koti langu la suti, likambana makwapa. Desturi inataka nkambo, kama tunavyomwita babu huku, akae mbele kabisa upande wa msichana, apokee maneno ya wageni, na bila yeye hakuna kinachosemwa. Msemaji wetu alikuwa mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, mtu anayeishi kwa ajili ya siku kama hizo. Yeye huwatoza wageni amende, yaani faini, kwa kila kitu: kwa kuchelewa, kwa kukosea jina la ukoo, kwa kukohoa msemaji akisema. Wote wanajua, wote wanacheka, wote wanalipa.

Wakwe walifika wengi, wamevaa vizuri. Hawanywi pombe, tukawa tumejaza friji sucré, yaani soda, na maji. Binti yangu alikuwa amefichwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake, maana haruhusiwi kuonekana mpaka aitwe. Mjomba akaanza. Joto lilikuwa kali, na mjomba akishika neno halirudishi haraka.

Nilimwona baba akihangaika kwenye kiti cha heshima. Macho yake yalikuwa kwenye glasi ya baba wa kijana, iliyokuwa tupu. Akaangalia mlango wa jiko. Hakuna aliyetoka, wanawake wote walikuwa wamebanana kwenye pazia wakisikiliza. Akavua lile koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti. Ndani alikuwa na shati lake jeupe, limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Nikamkonyeza. Nikatikisa kichwa. Alichukua kitambaa mezani, akakiweka mkononi, akaanza kuwamiminia wageni mmoja baada ya mwingine, kimyakimya, huku mjomba akiendelea kuhutubia.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia baba mdogo wa kijana, ndiye mwenye yale malori, aliyekuwa amekwama mpakani tangu asubuhi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi na hakuwahi kutuona hata siku moja. Akajitupa kwenye kiti cha kwanza, akamwona mzee mwenye shati jeupe na kitambaa mkononi, akasema kwa heshima yake yote:

“Boyi, minaomba mayi ya baridi kwanza. Koo imekauka.”

“Ndiyo, Patron,” baba akasema, akaelekea jikoni.

Mjomba alikatiza hotuba yake. Mimi ndiye niliyepaswa kusema. Ilikuwa nyumba yangu, baba yangu, mdomo wangu uliojaa maneno na asili zake, nami nikayatazama maua ya kitambaa cha meza. Aliyesema alikuwa baba wa kijana.

“Weee! Ule haiko boyi! Ule njo nkambo ya mutoto!”

Mwenye malori alisimama, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga goti. Mjomba wangu aliamka kama mtu aliyepewa chakula. “Amende!” alipiga kelele. “Muntu anaingia mu nyumba ya bakwe, anaita mukubwa wa nyumba boyi! Mbuzi moja! Na kitambaa ya muzee!” Wageni walikubali palepale, bila kupunguza, wakiomba radhi kwa mikono miwili.

Nilichokisikia moyoni wakati huo ndicho kinachonitesa mpaka leo. Nilifurahi. Kama neno hilo ni tusi la kulipiwa mbuzi, basi baba hakuwa boyi, na uongo wangu ulikuwa umepigwa muhuri mbele ya mashahidi. Nilijiegemeza kwenye kiti na kupumua.

Baba akarudi na glasi ya maji kwenye sinia. Akampa mwenye malori, aliyeipokea akiwa bado amepiga goti. Baba akashangaa.

“Kuko nini?”

“Tumebalipisha amende, muzee,” mjomba akasema. “Mbuzi.”

“Mbuzi ya nini?”

“Alikuita boyi.”

“Na vile?” Baba hakuwa na hasira hata kidogo. “Njo kazi yenye nilitumikaka. Tangu kijana mpaka mikono ilianza kutetemeka. Hakunitukana.”

Baba wa kijana aligeuka polepole kunitazama. “Lakini mwalimu alituambia muzee alitumikaka ku société. Mu bureau.”

Baba naye akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Najua jasho lilikuwa likinitiririka, na kwamba nilikuwa mtu mzima mwenye miwani na shahada, nimekaa na magoti yameshikana. Alinitazama kwa muda mfupi tu. Kisha akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, cha vizee waliopoteza njia, akajigonga paji la uso.

“Ah, bureau! Eh, mwalimu anasema kweli. Muniwie radhi, banangu. Niko muzee, kichwa inachanganya. Ninaona bintu byenye haviko.”

Akarudi kwenye kiti chake. Akavaa koti langu. Hakumimina tena hata glasi moja, na wageni walipoanza kumwongelea kwa sauti kubwa na maneno mafupi, kama mtu anayeongea na kichaa, aliitikia kwa kichwa na kutabasamu. Baba yangu anakumbuka tarehe za kuzaliwa za ukoo mzima. Anakumbuka kila mzungu alipenda nyama yake iive kiasi gani. Na mimi nilikaa pale nikamwacha awe mwehu kwa ajili yangu.

Binti yangu aliitwa, akaingia, akapigiwa vigelegele, akasema ndiyo anawafahamu wageni hawa. Wageni walipoondoka alinifuata uani.

“Papa, uliacha nkambo aseme kichwa yake imeharibika,” alisema. “Ju ya we.” Akageuka, akarudi ndani.

Kesho yake mbuzi aliletwa, dume jeupe lenye madoa, pamoja na kitambaa cha suti. Baba alikuwa ameshahamisha godoro lake nyuma tena. Alimpokea mbuzi, akamfunga kamba kwenye mlango wa boyerie, akamkatia majani ya kabeji. Kitambaa hakukifungua.

Amende ya namna hiyo huliwa upesi, na mifupa hupelekwa kwa majirani ili wajue. Mke wangu aliuliza tunachinja lini. Baba akasema, “Bado haijakuwa yetu.” Mjomba alipita akauliza vilevile akapata jibu lilelile, akaenda zake amenuna. Mbuzi alinenepa. Alfajiri alilia chini ya dirisha langu, na kila alipolia nilivuta blanketi kichwani.

Na wakwe wakanyamaza. Walipaswa kutuma mtu kutaja siku ya kuleta mahari na siku ya kanisa. Hakuna aliyekuja. Kijana alimwambia binti yangu kwamba wazee wake “wanangoja,” hakusema wanangoja nini. Binti aliacha kuimba akiosha vyombo. Alipunguza kula. Nilimsikia akimuuliza mama yake kama mtu anaweza kukataliwa bila kuambiwa, na mama yake akanitupia jicho ambalo sitalisahau.

Katika darasa langu yule dereva alirudisha insha yake, ameiandika upya kwa mwandiko safi. Nilitegemea kukuta maneno niliyompa, kwamba baba yake ni mfanyakazi wa nyumbani. Sentensi ya kwanza ilikuwa ileile. “Mwalimu, nilimusomea baba,” alisema. “Alikatala ile ingine. Anasema yeye si mfanyakazi wa nyumbani, banamuitaka boyi, na ile boyi njo ilitusomesha. Unipe tu mubaya, haina shida.” Akarudi kukaa, hana wasiwasi wowote. Nilishika kalamu nyekundu, nikaitazama ile karatasi mpaka wanafunzi wakaanza kunong'ona.

Niliwaaga mapema. Nikapanda pikipiki mpaka Kenya, nikashukia kwenye depo.

Baba wa kijana alikuwa juu ya magunia ya maharage akihesabisha watu wake mzigo. Aliniona, akashuka, akanipa kiti cha plastiki, akaagiza sucré. Sikuifungua. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu njiani, kuhusu maneno yanavyobadilika, kuhusu mazoea, kuhusu uchovu wa siku ile. Yote yalinitoroka, na heri yalitoroka.

“Baba yangu alikuwa boyi,” nikasema. “Maisha yake yote. Hajachanganyikiwa. Mimi niliwadanganya.”

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Wabebaji waliokuwa karibu walisimama na magunia mabegani. Uso uliniwaka mpaka masikio.

Mzee alifuta mikono kwenye suruali. “Tulijua,” alisema. “Tangu siku ile. Muntu mwenye kichwa imeharibika haletake mayi namna ile.” Akavuta gunia, akakaa juu yake. “Ule mbuzi tulimulipa muzee, ju ndugu yangu alimuchukua kama muntu hana nyumba. Haikuwa ju ya neno. Na kisha tulisema, tungoje. Kama mwalimu anaweza kukana baba yake mbele yetu, kesho binti yake atafundishwa kukana sisi pia. Tulikuwa tunangoja kama utakuya.”

“Nimekuja,” nikasema, kama mjinga.

“Nimekuona.” Hakutabasamu. Alinifungulia sucré mwenyewe, akaniwekea mkononi. “Jumapili tutatuma muntu na tarehe. Na umuambie muzee tunamusalimia.”

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Nilimwambia kwanza binti yangu, naye alikaa chini kwenye ngazi akalia bila sauti, kisha akainuka akaenda kunawa uso. Baba alikuwa nyuma, anamchana mbuzi manyoya kwa brashi kuukuu ya nguo. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyetumwa, nikamweleza nilikotoka na nilichosema.

Aliendelea kupiga brashi. “Ulisema neno gani?”

“Boyi.”

“Mbele ya bantu?”

“Mbele ya wabebaji wote.”

Akaacha brashi. Aliniangalia kwa hofu, hofu ileile ya pale kwenye nguzo ya umeme, ambayo utoto wangu wote nilidhani ilikuwa kwa ajili yake mwenyewe.

“Balikucheka?”

“Hapana, baba. Hakuna aliyecheka.”

Akashusha pumzi ndefu, akafungua kamba ya mbuzi kwenye mlango wa boyerie, na kunituma jikoni nikalete kisu.